Nimeuza mlango wa mjomba, na sasa unalipuliwa kwenye gemu

Assalaam aleikum Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 28. Naishi Mombasa lakini kwetu ni Lamu. Kazi yangu ni kuunda vitu vinavyoonekana ndani ya gemu za kompyuta. Nikiwaambia watu hivyo hudhani nacheza gemu kutwa kucha. Hata sichezi sana. Ukiona ndani ya gemu kuna ukuta uliopauka, pipa lenye kutu au taa inayoning'inia, ujue kuna mtu alikaa siku kadhaa akikitengeneza kila kimoja. Mimi ni mmoja wa watu hao. Nafanya kwa mkataba, nikiwa chumbani kwangu, kwa kampuni ya ng'ambo ambayo sijawahi kukanyaga mlangoni pake.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa bado najifundisha kwa Blender, programu ya kuunda maumbo kwenye kompyuta, kwa sababu ni ya bure. Nikaenda Lamu kutembea. Mlango wa nyumba ya bibi ulichongwa na mjomba wangu, kaka yake mama. Ule wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa, na mjomba alichukua miezi saba kuchonga mpya, usiku, baada ya kumaliza kazi za wateja. Nilimwomba niupige picha. Nilimwambia ni za kujifunzia, na wakati ule ilikuwa kweli. Alifurahi mno. Alichukua brashi akapangusa vumbi lote lililoingia kwenye nakshi, kisha akangoja nami siku mbili mpaka asubuhi moja kukapambazuka mawingu, maana nilimweleza kwamba jua likiwaka vivuli huharibu kazi. Nilipiga picha 412, tangu kizingiti cha chini hadi cha juu, mbawa zote mbili, kila ua na kila mnyororo. Hata kile kidonda nilikipiga. Mjomba ndiye akiitaye hivyo: pembeni mwa mfaa, ule mti wa katikati ya mbawa mbili, patasi ilimteleza akiwa karibu kumaliza, ikang'oa kipande kadiri ya ukucha. Hakukiziba. Alisema mlango ushajua nani aliuchonga.

Zile picha niliziunganisha kwa programu zikawa mlango mzima, nikauweka kwenye ukurasa ninaoonyeshea kazi zangu. Kampuni iliniona kwa mlango huo. Kazi ya kwanza waliyonipa ilikuwa huohuo, niufanye mwepesi uweze kuingia kwenye gemu. Walinilipa Sh180,000 kwa mlango na vitu vingine sita. Mama, sikuwahi kushika pesa kama hizo. Nilimtumia mjomba Sh5,000 nikamwambia ni za chai.

Baadaye wakataka mlango uliolipuliwa. Kwa kazi kama hii, mara nyingi ni msanii ndiye anayekipasua kitu mapema, ili mchezaji akirusha bomu vipande viwe tayari. Niliupasua vipande 38. Niliamua mwenyewe mfaa ukatike wapi. Nikatengeneza na nyuzi za mti wa ndani, ile rangi mbichi ambayo ni mjomba tu aliyewahi kuiona. Nilikesha. Nilipomaliza alfajiri nilijivuna, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri.

Mwezi uliopita kionjo cha gemu, ile video fupi ya kuitangaza, kilitoka. Ni gemu ya vita, katika mji wa bandari wa Afrika Mashariki usiotajwa jina. Wanajeshi wa kigeni wanaingia kwenye kichochoro, mlango unalipuka, watu wa ndani wanauawa. Kidonda kinaonekana wazi kabisa kabla ya mlipuko. Mtoto wa kaka yangu, ana miaka 11, alikuwa amekaa kando yangu. Akasema, "Shangazi, si hiyo nyumba ya Lamu?" Nikamwambia milango yote ya Lamu inafanana.

Sasa kampuni inanipa mkataba wa mwaka mzima, kwa malipo mara tatu ya ninayopata. Wanataka mtaa kamili: baraza, kuta za matumbawe, zidaka (vile vishubaka vya ukutani), boriti, na ndani ya msikiti, kabla na baada ya mlipuko. Wameniomba nikapige picha za mihrabu halisi, pale anaposimama imamu. Nina ndugu yangu mdogo yuko chuo, karo yake naitoa mimi. Wamenipa wiki mbili nijibu.

Nilimweleza mama. Akaniambia ninyamaze, kaka yake ana presha, nisimtie maneno. Lakini mjomba kila akinipigia simu huniuliza, "Na mlango wetu umefika wapi?" Humjibu bado najifunza. Tena mkataba wangu una kipengele cha siri, na jina langu halitakuwemo kwenye orodha inayotokea mwisho wa gemu kwa vile mimi si mwajiriwa. Kwa hiyo mjomba hatalikuta lake wala langu.

Je, nimemwibia mjomba? Nimwambie? Na hii kazi niichukue?

Mtengeneza Milango, Mombasa

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya pili nilimwita kijana wa jirani yangu ambaye naye hufanya kazi hizi, nikamwomba anionyeshe zinavyofanywa. Nilitaka kujua unaposema "niliufanya mwepesi" ulifanya nini hasa. Akanifungulia kiti alichokuwa akikitengeneza. Kwanza kilikuwa na mamilioni ya vipembetatu, kizito hata kompyuta yake ikawa inavuta pumzi. Kisha akanionyesha kile kingine alichokijenga juu yake upya kwa mkono, chenye vipembetatu elfu chache tu, na jinsi mikwaruzo na michongo ya kile kizito inavyohamishiwa kwenye hiki chepesi kama picha, ili mwanga wa gemu udanganyike udhani kuna mashimo na miinuko. Akakifungua ngozi, akaitandaza bapa kama fundi cherehani anavyotandaza kitambaa kabla ya kukata. Saa nzima ilipita na tulikuwa bado tuko kwenye mguu mmoja wa kiti. Nilitoka pale na heshima kubwa kwa kazi yako, na nikaelewa kwamba yale maneno "nilikesha" hukuyaandika kwa kutia chumvi.

Sasa turudi kwako. Umeniuliza maswali matatu, lakini mimi nasikia jambo moja limejificha chini yake. Kuna mzee aliyekuamini, aliyepangusa vumbi kwa brashi na kungoja mawingu pamoja nawe, na kila akipiga simu unamjibu neno ambalo si kweli. Jambo hilo ndilo linalokuamsha usiku, nadhani, kuliko mkataba. Kama nimekosea utaniambia.

Swali la wizi naomba tulishike polepole, kwa sababu umeshajihukumu kabla hujaniandikia. Siku uliyopiga picha ulisema ni za kujifunzia, na zilikuwa za kujifunzia. Hukumdanganya. Kampuni ilipokuja, kitu kile kikabadilika kazi, na hapo ndipo palihitaji simu moja ambayo hukuipiga. Nalitenganisha hili makusudi. Mtu aliyepanga kuchukua cha mwenzake na mtu aliyechelewa kusema si mmoja, ijapokuwa wote wawili huona haya. Na zile Sh5,000 za chai, nikwambie ninavyoziona? Moyo wako ulikuwa umeshajua kuna deni, mdomo ukakataa kulitaja.

Kisha, je, mlango ule ni wa nani? Wewe umeandika "mlango wa mjomba" kana kwamba hakuna la kuuliza. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi ya sanaa iliyoagizwa au iliyofanywa kazini, hakimiliki yake huhesabika imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Ndiyo maana ulichoiundia kampuni kwa mkataba, kwa uwezekano mkubwa, ni chao. Lakini mlango wa Lamu hakuuagiza mteja. Mjomba aliuchonga kwa nyumba ya mamake, kwa mapenzi. Halafu kuna nakshi zenyewe. Lile ua na ule mnyororo mjomba alivikuta kwa waliomfundisha, nao walivikuta kwa wengine. Ukienda Unguja utaona milango yenye tao juu iliyotokana na Wahindi na ile ya mraba ya Kiarabu ikitazamana kwenye kichochoro kimoja, na misumari ya shaba inayotajwa kuwa imetoka Bara Hindi imeota kwenye yote miwili. Nakshi zimesafiri baharini miaka mingi bila kuombewa ruhusa. Tangu 2016 Kenya ina sheria nyingine inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na hiyo inazungumzia idhini ya jamii, haiishii kwa fundi mmoja. Nakutajia haya ili uone kwamba swali lako ni pana kuliko ulivyojifungia ndani yake. Mwenye haki ya kuulizwa huenda ni mjomba, huenda ni nyumba nzima, na ukifika kwenye mihrabu ni mji.

Kuna kitu kimoja hata hivyo ambacho si cha mji wala cha Wahindi. Kile kidonda. Patasi iliyoteleza ni ya mtu mmoja, usiku mmoja. Ua lingeweza kuwa la mlango wowote, na ulipomwambia mtoto kwamba milango yote ya Lamu inafanana ungeweza kuwa unasema kweli, lakini kidonda kiliutaja mlango kwa jina. Nimejiuliza kwa nini hukukiziba ulipokuwa ukiusafisha kwa ajili ya gemu. Yule kijana aliniambia ni kazi ya dakika chache. Labda ulikiacha kwa sababu kiliupendezesha. Labda ulitaka alama ya mjomba ibaki mahali ambapo jina lake halikuruhusiwa. Nikipata nafasi ya kukuuliza swali moja tu, ningekuuliza hilo, na ningependa ulijibu kwanza kwako mwenyewe.

Na usione aibu kwamba ulijivuna alfajiri ile. Nimeona umeandika sentensi hiyo kama mtu anayeungama. Fundi akimaliza kazi ngumu vizuri hufurahi. Mjomba wako naye, nina hakika, amewahi kufurahi kwa mlango aliomchongea mtu asiyempenda. Unaweza kufurahia mikono yako na bado ukahuzunika kwa kilichofanywa na kazi ya mikono hiyo. Hivi viwili vinakaa nyumba moja.

Ushauri wa mama yako siutupi. Anamjua kaka yake kuliko mimi na wewe, na presha si jambo la mzaha. Lakini tazama: mtoto wa miaka 11 ameshautambua mlango. Kionjo kiko wazi kwa dunia nzima. Lamu ni mji ambao habari hutembea kwa mguu na bado hufika kabla ya boti. Gemu ikitoka, vijana wa pale wataicheza, na mmoja ataipeleka simu barazani amwonyeshe mzee. Kwa hiyo kunyamaza kunaweza kumpa mjomba miezi michache ya utulivu, kisha kumpa habari hiyohiyo kutoka kwa mtu asiyempenda kama unavyompenda wewe, bila mtu wa kumweleza. Mama anapima madhara ya maneno yako. Mwombe apime pia madhara ya maneno ya watu. Tena usiende bila yeye. Ukimzunguka mama ukamfuata kaka yake, utakuwa umezima moto mmoja umewasha mwingine.

Ukiamua kumwambia, jiulize unakwenda kumwomba nini. Kama unakwenda kuomba ruhusa ya mlango, ruhusa hiyo imechelewa, kwa sababu mlango umeshalipiwa na umo ndani ya gemu. Mzee akisema "uondoeni", utamjibu nini? Utamtwika uamuzi ambao hana uwezo nao, na hiyo ni kumuumiza mara mbili. Kama unakwenda kuomba radhi, hiyo haichelewi, lakini radhi haina masharti: huenda akanyamaza wiki nzima, huenda akasema jambo litakalokuchoma. Na kama unakwenda kumtaka shauri juu ya huo mtaa ambao bado haujajengwa, hapo kuna mlango ulio wazi bado, na fundi mzee kuombwa shauri ni jambo lingine kabisa. Yote matatu yaweza kutamkwa katika kikao kimoja, lakini yatamke mojamoja, asije akadhani unamwomba radhi ili upate ruhusa.

Naomba pia usiwe na hakika sana kwamba atavunjika moyo. Umemjengea majibu yake yote kichwani mwako. Mzee huyu ameona mengi. Lamu imeona milango ya kale iking'olewa kwenye nyumba na kuuzwa, ikaenda kupamba kumbi za watu wa mbali. Yeye anaweza kusema kwamba afadhali wewe, mlango wenyewe umeuacha mahali pake. Anaweza kukasirikia jambo ambalo hata hukulifikiria, kwa mfano kwamba walionyesha mlango wa bibi unafunguka kwa nje. Au anaweza kuumia kweli, si kwa pesa wala kwa picha, ila kwa kuona nyumba ya mamake imejaa maiti. Sijui yupi kati ya hao ni mjomba wako. Wewe unamjua zaidi, lakini kwa sasa hofu ndiyo inayomzungumzia.

Kuhusu kipengele cha siri, kisome tena, ikiwezekana pamoja na wakili. Kwa kawaida vipengele hivi hulinda ambayo kampuni haijayatoa, na kionjo wamekitoa wenyewe. Kumwonyesha mjomba kionjo ambacho kila mtu anakiona ni tofauti na kumfungulia mafaili ya kampuni. Zile picha 412 ulizipiga kabla hujawajua. Muulize wakili mkataba unasemaje juu ya vitu ulivyokuwa navyo kabla. Usibahatishe hapo. Kosa dogo la karatasi linaweza kukugharimu kazi hata kabla hujaamua kama unaitaka.

Haya, na kazi yenyewe.

Umeieleza kama njia panda ya kukubali au kukataa. Huenda iko njia ya katikati, nyembamba, na sikwambii ni rahisi. Hujasema kama umewahi kuwauliza lolote. Mkurugenzi wa sanaa aliye mbali anaweza kuwa hajui kabisa kwamba mihrabu ni mahali ambapo imamu amesimama kuswalisha watu alfajiri ya leo. Kwake ni umbo zuri. Wewe peke yako ndiye unayejua kwenye kikosi kile, na hilo ni jambo wanalopaswa kulilipia na kulisikiliza.

Unazo hoja za kuwapelekea, tena za kibiashara, lugha wanayoielewa. Mwaka 2006 Sony walitoa gemu ya vita, Resistance: Fall of Man, yenye mapigano ya bunduki ndani ya kanisa lililofanana na Kanisa Kuu la Manchester. Mwaka uliofuata viongozi wa Kanisa la Uingereza walilalamika kwamba hawakuombwa ruhusa, na Sony wakaomba radhi. Mwaka 2008 kampuni hiyohiyo iliahirisha gemu ya LittleBigPlanet na kurudisha diski zilizokwisha kupelekwa madukani, kwa sababu wimbo mmoja ndani yake ulikuwa na maneno ya Kurani. Na mwaka 2021 Activision waliomba radhi na kuondoa kurasa za Kurani zilizokuwa zimetupwa sakafuni ndani ya Call of Duty: Vanguard. Nikiyatazama haya matatu naona jambo moja: kurasa za sakafuni zile kuna msanii aliyeziweka, mtu aliyekaa mezani kama wewe. Labda hakujua kilichoandikwa. Labda alijua akaona si kazi yake kusema. Angesema mapema, isingefika kuwa habari ya dunia.

Unaweza kuwaambia kwamba mtaa utaujenga, lakini msikiti uwe nje ya mapigano, au ubaki na mlango uliofungwa. Unaweza kuwaambia hutapiga picha mahali halisi, utabuni nakshi zako mwenyewe kwa mtindo wa pwani, wasiweze kuonyeshwa kidole kwamba hii ni nyumba ya fulani. Unaweza kutaka mjomba alipwe kama mshauri wa nakshi, kwa mkataba wake na jina lake. Unaweza kudai jina lako kwenye orodha. Chama cha kimataifa cha watengenezaji gemu, IGDA, kina mwongozo wa kutaja majina, na kuwataja hata watu wa mkataba si jambo la ajabu, ingawa kampuni nyingi hazifanyi.

Hatari yake siifichi. Wakikwambia "asante, tutamtafuta mwingine", watampata. Watengenezaji gemu maelfu kwa maelfu walipoteza kazi duniani mwaka 2023 na 2024, na wasanii wazuri wanasubiri kwa hamu. Hata wanaofanya kwa moyo hawajasalimika. Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: ZAU mwaka 2024, gemu iliyotoka kwenye msiba wa babake na hekaya za Kibantu, na unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Niliposikia Kiswahili kikitoka kwenye gemu mwili ulinisisimka. Mwaka huohuo studio yake ikalazimika kupunguza watu. Kwa hiyo nisingependa ukatae kwa kudhani kuna mahali pengine pazuri panakungoja tayari. Huenda pakawepo, huenda pasiwepo mpaka mdogo wako amalize chuo.

Na ukikataa kabisa? Dhamiri yako inaweza kupumua. Lakini mtaa utajengwa vilevile, na mtu asiyejua kidaka ni nini. Wapo watakaokwambia kwa sababu hiyo ni wajibu wako ukubali, uuhifadhi ukweli wa kwetu. Mimi hoja hiyo hainikai vizuri. Ukuta ulio sahihi mpaka kwenye chokaa, ndani ya hadithi ambamo watu wa ukuta huo hawana jina na kazi yao ni kufa, ukweli wake unamsaidia nani? Ila pia nakumbuka mtoto wa kaka yako. Aliutambua mlango wa kwao papo hapo, kwenye kioo ambacho maisha yake yote kimemwonyesha miji ya watu wengine. Hukuniambia alikuwa na uso gani aliposema vile. Alishtuka au alifurahi? Mrudie umwulize, na safari hii usimwambie milango yote inafanana. Mtoto akigundua umemficha jambo aliloliona kwa macho yake, hataacha kuliona, ataacha kukuuliza.

Karo ya mdogo wako umeitaja kwa sentensi moja, kama kwamba ni aibu kuiweka mezani. Iweke. Hesabu kabisa: imebaki miaka mingapi, ni kiasi gani kwa muhula, una akiba ya miezi mingapi ukikosa huu mkataba, na je, mdogo wako anajua? Pengine yeye mwenyewe ana la kusema kuhusu pesa inayomsomesha. Uamuzi uliofanywa bila hesabu hiyo, uwe wa kukubali au kukataa, hautadumu hadi mwisho wa muhula.

Wiki mbili ni chache, lakini omba ya tatu. Kampuni inayotaka mwaka wako mzima inaweza kukungoja siku saba. Panda basi wewe na mama mwende Lamu. Msiende mchana wa kazi. Mkute baada ya magharibi akiwa ameshaoga na ameshakunywa dawa zake. Mpelekee kompyuta yenye picha zako zile za mwanzo, usimpe simu. Macho ya fundi yatataka kukaribia. Mfungulie kwanza mlango mzima, mwache auzungushe mwenyewe kwa kidole mpaka afike pembeni mwa mfaa. Maneno ya kionjo yaanzie hapo, kwa kinywa chako. Kisha niandikie alisema nini.